Kilichomhamisha Mke wa Kipaza

Mtu anayeishi kwa sauti yake hawezi kubadili mawazo kimyakimya, na hilo ndilo lililomponza Kipaza. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu, spika mbili zilizofungwa juu yake kwa waya, na jenereta ndogo iliyokohoa moshi mweusi kila alikopita. Ukifiwa, ukipotelewa na mbuzi, ukifungua duka, unamwita Kipaza, na jua halijafika utosini mji mzima umeshajua. Watu walimpenda kwa sababu hakuwahi kusoma tangazo likabaki kama lilivyoandikwa. Alilitia chumvi. Siku moja alitangaza kupanda kwa ushuru wa soko mpaka wenye meza sokoni wakashika mbavu, na kumchekesha mtu kwa ushuru wake mwenyewe si kazi ya kila mdomo.

Wiki ile ofisi ya mji ilimkodi kutangaza jambo jingine. Mvua kubwa kupita kawaida ilikuwa njiani, kwa hiyo wakazi wa mtaa wa bondeni waliombwa wapandishe mlimani vitu vyao vya thamani. Mwishoni mtu wa ofisi alikuwa ameongeza sentensi moja kuhusu mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na shughuli za binadamu. Kipaza aliisoma karatasi yote kwa sauti ya msiba, akanyamaza kidogo, kisha akarudi kwenye sauti yake mwenyewe.

"Binadamu mwenyewe anayetajwa hapa ni wewe, Mama Chai. Ndiyo, wewe hapo dirishani. Wameshakujua. Mbingu imeharibika kwa sababu ya jiko lako. Ofisi inakuomba ulizime ili dunia ipoe."

Mama Chai, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyeuza chai dirishani tangu ndoa yake ya kwanza, alicheka akafuta machozi kwa kanga. Kisigino, fundi viatu mwenye kibanda karibu kabisa na mto, alicheka mpaka akamwaga gundi. Bonde zima halikuhamisha hata kijiko. Na Kipaza naye alikuwa mkazi wa bonde hilohilo.

Jioni yake mabishano yalihamia kwa Kinyozi. Pale suala la tabianchi lilikuwa na timu zake kama mpira. Kwenye kiti cha kunyolea alikaa Mwalimu, aliyestaafu kufundisha jiografia lakini hakustaafu kufundisha. Kwenye benchi alikaa Kipaza na mashabiki wake.

"Moshi unapanda, unatanda kule juu kama blanketi," alisema Mwalimu, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. "Joto linakosa pa kutokea. Bahari zinapata moto, mvuke unazidi, mvua ikija inakuja na hasira. Na huo moshi ni wetu. Wa viwanda, wa magari, wa misitu tunayoichoma."

"Mwalimu, blanketi langu mimi nalijua limeshonwa wapi, na bado nasikia baridi," alisema Kipaza. "Hilo lenu la moshi nani kalipima upana?"

"Limepimwa. Na jenereta yako imo humo."

"Jenereta yangu hii? Haijawahi kunichemshia hata maji ya kuoga. Leo imechemsha bahari?"

Benchi lilipiga makofi. Mwalimu akasimama kwa ghadhabu, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado shingoni, ikabidi Kinyozi amkalishe kwa mabega. Kinyozi mwenyewe, ambaye alihitaji vichwa vya pande zote mbili, alisema kila mtu ana hoja yake.

"Mimi hapa sihami," alimalizia Kipaza akiwa mlangoni. "Mkiniona natoa hata kigoda nje, jueni nimejiandikisha darasani kwa Mwalimu."

Wakacheka tena. Alirudi nyumbani akiwa amejaa kifua.

Siku ya pili yake kazi ilimpeleka mbali, upande wa juu wa mto, kutangaza ufunguzi wa duka la magodoro. Hakufika. Kwenye daraja alikuta watu wamesimama, wengine na vitanda vichwani. Mto aliouacha bondeni ukiwa na maji ya kufulia nguo, huku ulikuwa umepanda hadi kwenye nguzo, mwekundu, unanguruma. Magogo yalipita. Kisha ukapita mlango wa nyumba, mzima, kufuli likiwa bado limefungwa. Kipaza aliutazama mlango ule mpaka ukapotea kwenye kona, kisha akageuza pikipiki kurudi bondeni.

Mkewe alimsikia akiegesha pikipiki kabla ya adhuhuri. Alikuwa kwenye cherehani, amezungukwa na majora ya kitambaa cha bluu yaliyopangwa sakafuni kuanzia ukutani hadi kitandani. Sare za shule nzima. Ilikuwa haijapata kumwangukia kazi kubwa kama ile, na kitambaa chote kilikuwa mali ya shule. Kingeharibika, hata sindano yake ya mwisho isingetosha kukilipia.

"Mama watoto," alisema Kipaza, "pandisha hivi vitu kwa mama yako."

Mguu wa mkewe ulisimama juu ya pedali. "Vitu gani?"

"Kitambaa. Cherehani. Vyote. Leo hii."

"Kuna nini?"

Kipaza alichungulia nje, akashusha pazia. "Maji yanakuja."

"Maji yapi? Yale yaliyoletwa na jiko la Mama Chai?"

"Si wakati wa utani."

"Baba watoto, nimezeeka humu ndani nikiusubiri wakati usio wa utani. Kumbe ulikuwa unakuja leo." Lakini alimtazama usoni, akaona rangi yake, akainuka. "Umeona nini?"

Akamweleza. Alipofika kwenye mlango wenye kufuli, mkewe alikuwa ameshaanza kukunja jora la kwanza.

"Basi lete pikipiki tupakie. Na umwambie Kisigino, ana viatu vya mji mzima mle kibandani."

"Ngoja kwanza. Wakituona?"

"Watuone tunafanya nini?"

"Tunahama. Jana tu nimesema sihami. Watasema Kipaza kala matapishi yake. Nani atanisikiliza tena mji huu? Tutakula nini?"

Mkewe aliweka jora chini polepole. "Kwa hiyo tufe maji kwa heshima."

"Sijasema hivyo. Nasema tutafute sababu nyingine ya kuhama."

Wakaitafuta. Kipaza alipendekeza waseme wanapaka nyumba rangi. Mkewe akamjibu kwamba wakitangaza rangi kwenye kuta zile, watu watakuja na viti kutazama. Panya? Paka wa Mama Chai alikuwa amewamaliza. Wageni? Wageni huingiza vitu, hawatoi.

"Tugombane," alisema Kipaza ghafla.

"Tunagombana kila siku."

"Kwa watu kuona. Uniache. Mwanamke akimwacha mumewe hubeba cherehani yake na vitambaa vyake. Hakuna atakayefikiria mambo ya mvua. Siku mbili tatu nakuja kukufuata, mambo yanakwisha."

Mkewe alicheka, kicheko kifupi. "Yaani heri uitwe mwanamume aliyeachwa kuliko mwanamume aliyekosea."

"Wanaoachwa wako wengi."

Mwanamke huyu alikuwa na haraka, na kitambaa hakikuwa chake. Alikubali. "Na Kisigino?"

"Kisigino nitamdokeza."

Alikusudia kweli kumdokeza. Alikusudia kwa moyo mweupe, kama watu wengi wanavyokusudia, yaani nia yake haikuvuka kizingiti.

Ugomvi ulianza vizuri. Mkewe aliita mkokoteni, akausimamisha mlangoni, akatoka na jora begani huku akisema amechoka, amechoka, amechoka. Kipaza alisimama kizingitini akanguruma. Tatizo ni kwamba sauti yake ilijua kufika mbali lakini haikujua kudanganya ikiwa imekasirika.

"Nenda," alifoka. "Nenda kwenu. Nyumba hii ni yangu. Na lile jora la nyuma ya mlango usilisahau."

Kisigino aliinua kichwa kutoka kwenye soli. Mama Chai alizima jiko, jambo ambalo ofisi ya mji haikuweza kumfanyisha.

"Shoga, kulikoni?"

"Naondoka," alisema mke wa Kipaza. "Nimefika mwisho."

"Ulifunike na nailoni," alifoka Kipaza kutoka mlangoni. "Sitaki kukuona tena."

"Unamsikia?" Mama Chai aliwageukia waliokwisha kukusanyika. "Anamfukuza huku anamfunikia mzigo. Huyu bado anampenda. Jamani, tuwaachie wavunje nyumba hivi hivi, mchana, sisi tunatazama?"

Hawakuachia. Mtaa ule ulikuwa na kasoro zake, lakini haukujua kuacha ndoa ya mtu peke yake. Mama Chai alishika mkokoteni upande mmoja, Kisigino upande mwingine. Mke wa Kipaza aling'ang'ania, akasihi, akasema mwacheni aende, na kadiri alivyosihi ndivyo walivyozidi kuamini kwamba ana uchungu wa kweli. Majora yakarudi ndani moja baada ya jingine. Kisigino aliibeba cherehani kichwani, akaitua palepale ilipokuwa. Na ili mama wa watu asipate wazo la kutoroka tena, kitambaa chote walikisukumia chini kabisa ya uvungu wa kitanda, mahali ambapo maji yangefika kabla hayajafika popote.

Ngurumo ya kwanza ilisikika wakati Kinyozi anafika na viti vya usuluhishi.

Walimkalisha Mwalimu mbele awe mwamuzi, kwa hoja kwamba kwa vile yeye na Kipaza hawapatani, hataweza kumpendelea. Chumba kilijaa. Watu walikaa kitandani, juu ya uvungu uliojaa sare. Mvua ilianza kugonga bati, kwanza kwa adabu.

"Tunataka chanzo," alisema Mwalimu. "Kila tukio lina chanzo chake. Mama, wewe una malalamiko gani?"

"Mwulizeni yeye," alisema mke wa Kipaza. Alimkazia mumewe macho, na macho yale yalisema jambo moja tu: sema, sasa, imetosha.

Kipaza aliwatazama. Kinyozi alikuwa pale, benchi lote lilikuwa pale, Mwalimu alikuwa pale ameegemea mbele kama mtu anayesubiri jibu la mtihani. Sentensi moja ingewatuma wote mbio majumbani kwao kuinua magodoro. Alifungua mdomo. Ilikuja sentensi nyingine.

"Ni mwanamke," alisema.

Vichwa vyote vikamgeukia mkewe. Bati likazidi kugongwa.

"Mwanamke gani?" aliuliza mkewe, kabla hajakumbuka kwamba ule ulikuwa mchezo.

"Wa mtaa wa juu. Nilikutana naye kwenye matangazo." Angeweza kuishia hapo. Lakini Kipaza alikuwa hajawahi kutangaza kitu kisicho na chumvi. "Anauza nyanya. Ana mwanya hapa mbele. Alipocheka, ndipo nilipoharibikiwa."

Mama Chai alijishika kifua. Mmoja wa mashabiki wa benchi aliuliza nyanya hizo ni za soko lipi, akakanyagwa mguu.

Mke wa Kipaza alijua kwamba hakuna mwanya wala nyanya. Aliijua chumvi ya mumewe kuliko alivyoijua ya jikoni kwake. Kilichomchoma hakikuwa mwanamke yule wa kubuni. Ulimchoma ule wepesi: kwamba mezani palikuwa na aibu mbili, moja ya mumewe, moja yake, na mumewe hakusita hata kidogo kuchagua.

"Kwa hiyo nidharauliwe mimi," alisema taratibu, "ili wewe usidharauliwe."

Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. Walidhani anamzungumzia muuza nyanya.

Aliinuka. "Nisaidieni kubeba."

Safari hii hakuna aliyemzuia. Waliinuka kitandani, wakavuta nje kila kilichokuwa uvunguni. Mama Chai alifunga majora kwa nailoni na mkono wake mwenyewe, akausukuma mkokoteni kwenye mvua akimlaani Kipaza kwa kila hatua. Kisigino aliibeba cherehani mara ya pili, kwa hasira ya haki, akamwacha mteja kibandani. Mlangoni mke wa Kipaza aligeuka akawatazama wote.

"Na nyinyi pandisheni vitu vyenu. Maji yanakuja. Yeye mwenyewe ameyaona darajani, ndiyo maana nahama."

Walimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa wa homa.

"Uchungu huo," Mama Chai alimnong'oneza Kinyozi. "Maskini, hajui hata anachosema."

Maji yalifika kabla jua halijazama. Hayakupiga hodi. Yaliingia kwa Kisigino kwanza, yakakifungua kibanda kama mtu anayejua palipo na ufunguo, na kwa muda mtaa wote uliona viatu vya mji vikipita kimoja kimoja, kila kimoja kikimtafuta mwenzake. Hakufa mtu. Yalikufa magodoro, redio, magunia ya unga, jiko la Mama Chai. Kipaza aliumaliza usiku juu ya meza akiwa amekumbatia spika zake, ndani ya nyumba ambayo haikuwa na kitu kingine cha kuokoa.

Asubuhi watu walitoka na ndoo na makoleo, na tope lilipofika nusu ya kutolewa, mabishano yalirudi mahali pake.

"Ni mtaro," alisema Kinyozi. "Mtaro haujazibuliwa tangu mwaka jana."

"Ni waliojenga lile daraja," alisema mwingine. "Wamelibana mno."

"Mtaro umechangia, daraja limechangia," alisema Mwalimu, suruali imekunjwa magotini. "Lakini mvua ya namna ile haikuwepo nilipokuwa kijana. Nilisema. Nilisema sikusema?" Alikuwa sahihi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyetaka kusimama karibu naye.

"Nyote mnazunguka," alisema Mama Chai. Aliinamisha jiko lake likatema maji. "Jana mtu kamwacha mkewe kwa ajili ya mwanamke wa nyanya, jana hiyohiyo maji yanatuingilia. Mnataka hesabu gani tena? Ni laana ya yule mzinzi."

Mwalimu alinyanyua kidole. "Kwa hiyo unakubali kwamba imesababishwa na binadamu."

"Na binadamu mmoja," alisema Mama Chai. "Ninamjua hadi nyumba."

Hoja hiyo ilipita bila kupingwa, na Kipaza, aliyekuwa anasikiliza dirishani, alifunga dirisha.

Alipanda mlimani mchana. Mama mkwe wake alimkuta uani na matope hadi kiunoni, akamwonyesha kigoda kilicho nje, mbali na mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo hapo, mkwe. Ndani kuna vitambaa vya watu."

Kupitia mlangoni alimwona mkewe akishona. Kitambaa kilikuwa kikavu. Cherehani haikusimama.

"Mama watoto, nimekuja kukufuata. Kama tulivyopanga."

"Tulipanga nini?"

"Siku mbili tatu, kisha nije nikufuate. Unajua hakuna mwanamke."

"Najua. Wao hawajui. Asubuhi nimeletewa kikapu cha pole. Wamekuja wanawake watatu kunifundisha namna ya kukulisha ili urudi." Aligeuza kitambaa, akaendelea. "Mama mwenye mwanya huko sokoni wamemtafuta, unajua? Wamempata. Wapo wenye mwanya wanne. Mmoja kamwagiwa nyanya zake zote."

Kipaza hakulijua hilo. Aliinamia matope ya magoti yake.

"Nitashuka niwaambie sina mwanamke."

"Hiyo ni nusu."

"Nusu nyingine ipi?"

"Kwamba uliyaona maji. Kwamba ulinihamisha mimi, ukamwacha Kisigino ashone viatu." Sasa cherehani ilisimama. "Na usiwaambie kwa mdomo mtupu. Waambie kwa hizo spika nilizoambiwa ulizikumbatia juu ya meza."

"Watanimaliza."

"Watakuwa wamekumaliza kwa kosa lako mwenyewe. Hilo ulilokiri si lako."

Jenereta ilikuwa imekunywa tope, kwa hiyo aliazima betri. Alisimamisha pikipiki katikati ya mtaa wa bondeni, watu wakaacha makoleo yao. Wengine walikuwa wanatabasamu tayari. Tangu maji yaingie walikuwa hawajacheka.

"Ndugu wakazi," alisema Kipaza kwenye spika. "Mimi sina mwanamke mtaa wa juu. Wala sijui nyanya zinauzwaje. Mke wangu alihama kwa sababu niliyaona maji darajani, nikamwambia ahamishe vitu. Nyinyi sikuwaambia. Niliona haya. Mwalimu alikuwa na haki, na mimi nilijua alikuwa na haki tangu asubuhi ile."

Wakasubiri. Walimjua Kipaza, baada ya kimya ndipo huja chumvi. Haikuja. Ndipo Kinyozi akaangua kicheko, na mtaa mzima ukamfuata.

"Acha bwana," alisema Kinyozi. "Mtu anamwondoa mke nyumbani kwa sababu ya mvua? Una ushahidi gani?"

"Tena huyo mwanamke ulimtaja hadi mwanya," alisema Mama Chai. "Uongo hauna mwanya. Ndoa inakwisha yenyewe sasa? Kuna mtu kaimaliza."

Kipaza alimgeukia Mwalimu, ambaye angalau alitegemewa kufurahi. Mwalimu alikuwa ametatizika kweli.

"Kipaza, nakushukuru kwa kunitaja," alisema. "Lakini hata mimi hili siliamini. Mtu ameyaona kwa macho yake, ana spika mbili juu ya kichwa chake, halafu akanyamaza? Hapana. Binadamu hayuko hivyo."

Kisigino peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye tofali mahali kilipokuwa kibanda, akikamua maji kwenye kiatu cha mtoto.

"Uliyaona saa ngapi?" aliuliza.

"Kabla ya adhuhuri."

Kisigino alihesabu kichwani, akakiweka kile kiatu juu ya tofali jingine, kikavu kuliko vingine. "Cherehani yako nimeibeba mara mbili," alisema. Kisha akageuka akampa mgongo, akachukua kiatu kingine.

Kule mlimani sauti ya spika ilifika vipande vipande. Mama mkwe alisimama uani, mkono sikioni.

"Kasema," aliripoti. "Nimesikia maji, nimesikia Mwalimu. Lakini wanacheka."

"Nawasikia," alisema mke wa Kipaza.

Kicheko kilipanda mlima, kikapungua, kikapanda tena. Halafu ukaja mkwaruzo wa spika, na ile sauti ikaanza upya, chini kidogo kuliko mwanzo: ndugu wakazi, mimi sina mwanamke.

"Anarudia," alisema mama yake. "Nimpelekee mtu amwambie imetosha?"

Mwanamke alinyoosha ukosi wa bluu chini ya sindano.

"Mwache arudie mpaka waache kucheka," alisema, na akakanyaga pedali.